Sura ya Ishirini na Tatu na Mbuzi wa Mdogo Wangu

"Na leo tufanye nini?"

Swali hilo nililisikia kila asubuhi kwa karibu mwaka mzima, kabla sijanywa hata kikombe cha chai, na nakiri kuna siku nilimwombea muulizaji mafua ya kumkausha sauti. Alikuwa mama mmoja wa Djugu, kutoka kijiji kilicho mbele ya Iga Barrière. Alikimbia na binti zake wawili, akafika Bunia na sufuria moja isiyo na mfuniko, nami nikampa kijumba cha nyuma ya nyumba yetu, hapa mtaa wa Saio. Mimi ndiye niliyempokea. Mimi ndiye niliyemwambia, "Kuja kesho asubuhi tusome Neno." Kwa hiyo sina wa kumlaumu, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Ilikuwa ile miaka ambayo redio ilisema amani imerudi, nasi tukaitikia amina huku mabegi yakiwa yamefungwa chini ya kitanda. Soko lilifunguliwa, shule zilifunguliwa. Tairi ikipasuka barabarani, watu walilala chini kwanza, ndipo wakacheka. Katika hali hiyo mchungaji wetu aliona kwamba akina mama wa Saio wanaomba sana na kutenda kidogo, akatupa utaratibu. Kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, saa kumi na mbili kasoro asubuhi, tusome sura moja, kwa mfuatano, bila kuchagua. Kila mama aseme sura hiyo imemwambia afanye nini. Kisha Jumamosi, siku ya posho kama tunavyoiita, kila mmoja asimame ajibu: amefanya au hajafanya.

"Na musiniambie 'nitapenda watu,'" alituonya. "Mutu gani? Wapi? Siku gani?"

Akina mama walinichagua niwe kiongozi kwa sababu nina Biblia ya maandishi makubwa na baraza lenye bati jipya. Wakaniita mama prezidante. Jina hilo nililipenda kupita kiasi, niseme ukweli.

Utaratibu ulikuwa mzuri. Tatizo ni watu. Mama mmoja, kila sura, hata ile ya ukoo wa Nuhu, ilimkumbusha makosa ya mume wake. Mwingine aliahidi kila siku kufunga na kuomba, kwa sababu hakuna awezaye kumchungulia mtu aliyefunga akaona kama kweli amefunga. Wengi walisema, "Neno hili limenigusa," wakaketi. Limekugusa wapi? Ufanye nini? Nilirudi ndani nikipiga milango.

Mama wa Djugu alikuwa ugonjwa wa namna nyingine. Yeye hakujua kusoma, lakini alisikia, na alichosikia alikifanya siku hiyo hiyo. Tuliposoma jinsi Abrahamu alivyowakaribisha wageni watatu kwenye joto la mchana, alisimama mlangoni mwa parseli yangu, kwenye geti la ua, saa sita kamili, akarudi na watu watatu: madereva wawili wa pikipiki na muuza makaa. Akawapikia bugali kwa unga wangu. Mimi nilikuwa sokoni. Niliporudi nilimkuta muuza makaa amejinyoosha kwenye kiti cha mume wangu, ananisalimia kama mwenye nyumba. Tuliposoma Isaka akichimbua visima vilivyozibwa, alichimbua mfereji wangu wa maji machafu, uliokuwa umeziba tangu mvua za mwaka uliotangulia. Hapo nilisema Neno lina nguvu.

Kwa kuwa hakujua kusoma, alihesabu. Kila sura ikiisha, alitupa haragwe moja kwenye mkebe wa maziwa. Tulipomaliza kitabu cha Mwanzo alikuwa na maharagwe hamsini. Aliyapika, akala na binti zake, akaanza upya na Kutoka. Mimi nilicheka sana siku ile. Sikujua mkebe ule ungekuja kunishtaki.

Sasa lazima nimtaje mdogo wangu, ingawa wakati ninaosimulia nilikuwa sitaki kabisa kumtaja.

Nina mdogo mmoja tu, wa kike, wa tumbo moja. Tulizaliwa Butembo, tukafuata biashara hadi Bunia, mimi na vitenge, yeye na viatu. Meza zetu sokoni zinatazamana. Nyumba zetu zimetengana kwa barabara mbili tu. Na tulikuwa tumemaliza miezi kumi na minne bila kusemezana. Ukitaka kujua kazi ya kutomsalimu mtu aliye hatua nne mbele yako kuanzia asubuhi hadi jioni, jaribu. Shingo inauma. Mteja akiniuliza viatu viko wapi, nilinyoosha mkono upande mwingine kabisa wa soko.

Sababu ilikuwa kifo cha mama yetu. Alifia Butembo, nyumbani kwake. Wakati huo barabara ya Komanda kwenda kule ilikuwa na watu wabaya msituni. Magari yalikwenda kwa konvoi, askari mbele, askari nyuma, na hata hivyo mengine hayakufika. Mwaka ule, kabla hatujaanza Mwanzo, tulikuwa tunasoma Zaburi, na asubuhi ile ile habari ya msiba ilipofika, sitanii, ilikuwa zamu ya zaburi ya ulinzi, ile ya kutoogopa mshale wa mchana. Niliisoma kwa sauti kubwa. Niliwaambia akina mama, "Mwenye kuamini hili hatetemeki." Muda mfupi baadaye mdogo wangu akafika na begi lake, tayari kwa safari. Nikamwambia, "Tangulia. Nitakuja na konvoi ya kesho."

Sikwenda kesho. Sikwenda kesho kutwa. Niliogopa, ndivyo ilivyokuwa. Mdogo wangu alimzika mama bila mimi, akarudi baada ya siku kumi na moja, akaingia kwenye mkutano wetu wa asubuhi akiwa bado na vumbi la njia kwenye kichwa. Akasimama mbele ya wote.

"Zaburi ya yaya iko ya kupatia wengine," alisema, na yaya ndiye mimi, dada mkubwa. "Yeye mwenyewe haiitumiaka."

Nilipaswa kunyamaza. Nilipaswa kulia. Badala yake nikamjibu kwamba kuna watu wanaotafuta sifa hata kwenye jeneza la mama yao. Nilisema hivyo kwa mtu aliyepita msitu ule peke yake akaosha maiti ya mama yangu. Alichukua begi lake akatoka, na tangu siku ile hakukanyaga kwangu.

Kwa hiyo sikujua chochote. Sikujua nani alimwosha pamoja naye, wala kama kaburi liko upande wa migomba au upande wa barabara. Mimi, muuza vitenge, sikujua hata mama alivalishwa nini. Hilo lilinitesa kuliko mengine, na lilinitesa hasa sokoni, nikikunjua nguo mbele ya mteja. Kila Noeli nilimtumia mama kitenge, na kila mwaka alikikunja akakiweka sandukuni. Cha mwisho kilikuwa cha kijani chenye ndege weupe, nilichokitoa juu kabisa ya mzigo kabla mteja yeyote hajakigusa. Nilimpigia simu kumwuliza kama amekivaa.

"Ninakichunga," alisema. "Kitakuwa na siku yake."

"Mama, nguo haiko ya kuchunga! Utakufa, panya ndio watakivaa!"

Ndiyo, nilisema utakufa. Nilikuwa na haraka, nilikuwa na wateja.

Basi, sasa mbuzi.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Nilirudi kutoka sokoni nikakuta bustani yangu ya mboga za lengalenga imebaki vijiti. Katikati yake alisimama mbuzi mweusi mwenye sikio lililochanika, anatafuna huku akinitazama. Barabara nzima inamjua mbuzi yule. Ni wa mdogo wangu.

Kwetu mbuzi akila bustani yako, unamfunga. Humpigi, humwuzi, unamfunga tu, na mwenyewe anakuja kumwomba. Anasimama mlangoni, anasema pole, wewe unalalamika kidogo, naye anakubali, kisha mnamfungua pamoja. Ni desturi ya majirani, haina ubaya. Nilimfunga yule mbuzi nyuma ya jiko kwa kamba ya nailoni, na moyo wangu ukafurahi kwa namna ambayo haikuwa ya Kikristo hata kidogo. Miezi kumi na minne nilikuwa nimengoja mdogo wangu aje mlangoni kwangu kusema pole. Sasa atakuja tu, apende asipende, mbuzi wake ninaye.

Hakuja Jumatano.

Alhamisi tulisoma Kutoka sura ya ishirini na mbili. Ninyi mnaosoma Biblia mnajua iliyomo: mtu akiacha mnyama wake ale shamba la mwenzake, na alipe kwa mazao yake yaliyo bora. Sijawahi kusoma sura kwa raha vile. Nilirudia mstari ule mara mbili. Nilitoa mafundisho marefu juu ya wajibu wa wenye mifugo. Mutu gani, wapi, siku gani, vyote nilikuwa navyo, na mbuzi alilia nyuma ya jiko kama shahidi. Akina mama walikohoa. Wote walijua mbuzi ni wa nani.

"Na leo tufanye nini?" akauliza mama wa Djugu, ambaye hakuwa na mnyama wala shamba tena.

"Leo wenye kukosa watubu," nilimjibu.

Mdogo wangu hakuja Alhamisi pia. Jioni mume wangu, ambaye kwa busara hugeuka kiziwi mambo ya wanawake yakianza, alisema mbuzi ananuka. Nikamwambia avumilie. Akaongeza sauti ya redio.

Ijumaa niliamka mapema kutayarisha somo. Nilifungua sura ya ishirini na tatu nikiwa nimesimama, taa mkononi, na nikafika kwenye ule mstari wa ng'ombe na punda wa adui yako: ukimkuta amepotea, umrudishie. Nilisoma tena. Nilijaribu kusoma kwa Kifaransa, labda Kifaransa kina huruma. Ilikuwa hivyo hivyo. Nilikasirika kabisa. Kitabu chote kile, miaka elfu na elfu, na sura hii ikangoja Ijumaa hii?

Nikafanya jambo ambalo kiongozi wa usomaji hapaswi kufanya. Nilisogeza utepe wa Biblia ukurasa mmoja mbele. Akina mama walipokaa, nilitangaza kwa sauti ya kawaida, "Leo ni sura ya ishirini na nne," nikaanza kusoma Musa akipanda mlimani.

Sikufika kileleni.

"Mama prezidante, pole," alisema mama wa Djugu, mkebe wake kwenye mapaja. "Jana tulisoma ya makumi mbili na mbili. Leo unasema makumi mbili na ine. Haragi moja inakosa."

"Hesabu vizuri."

Akamwaga maharagwe yote kwenye mkeka akayahesabu, moja moja, kwa sauti, akina mama wakimsaidia. Ishirini na mbili. Nilitamani kuyapiga teke. Yule mama wa makosa ya mume, ambaye kwa miezi mitatu hakuwa amefungua Biblia yake mwenyewe, siku hiyo akaifungua.

"Kweli," alisema, "makumi mbili na tatu iko hapa. Haikusomwa." Na akaisoma yeye, polepole, kwa utamu, hadi kwenye ng'ombe na punda. Hapo mbuzi, mjinga yule, akalia.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Nilijitetea. Nakumbuka maneno yangu na yananiaibisha hadi leo. Nilisema, kwanza, mstari unataja ng'ombe na punda, haukutaja mbuzi. Pili, unasema mnyama aliyepotea, na huyu hakupotea, anajulikana yuko wapi. Tatu, unasema adui, na mimi sina adui. Mwenye mbuzi huyu ni mdogo wangu wa tumbo moja.

"Kama haiko adui," aliuliza mama wa Djugu, "iko nani? Juu ya nini haumusalimiaka?"

Nilisema tufumbe macho tuombe.

Nilikwenda sokoni nimefura. Mdogo wangu alikuwa ameketi nyuma ya viatu vyake, uso upande wa pili. Nilimtazama kwa pembe ya jicho siku nzima. Alikuwa amekonda. Mchana alikula muhogo wa kuchoma peke yake, huku akiupangusa vumbi kwa ncha ya kitenge, vilevile alivyokuwa mama akifanya. Mara mbili nilifungua mdomo. Mara ya kwanza mteja alikuja. Mara ya pili hakuja mteja, niliufunga mwenyewe. Saa tisa nilifunga meza, nikasema basi, yaishe, nitamfungua yule mbuzi nimpeleke mwenyewe, na nitasema nitakachosema nikifika.

Nilifika nyuma ya jiko. Palikuwa na kigingi na mavi ya mbuzi.

Mama wa Djugu alikuwa akifua.

"Mbuzi iko wapi?"

"Nilimurudisha kwa mwenyewe. Niliacha kwa binti yake."

"Nani alikutuma?"

"Shapitre ya leo," alisema, yaani sura.

"Ulisema nini kule?"

"Nilisema mama prezidante ametuma. Juu Biblia inasema."

Nilipiga kelele hadi majirani wakapunguza redio. Nilimwambia ametia mikono yake kwenye mambo ya watu wa tumbo moja. Nilimwambia amesema uongo, na kwamba sura ile ile, mstari wake wa kwanza kabisa, inakataza kueneza habari za uongo.

"Ile mustari ilisomwa mbio mbio," alisema. "Nitaijibia siku ya posho."

"Lakini ni mimi ningemrudisha! Nilikuwa nakuja kumrudisha sasa hivi! Umeninyang'anya!"

Akaacha kufua. Povu lilimchuruzika mikononi. Alizungumza bila kupandisha sauti, na ndiyo mara pekee aliniambia habari za siku ile waliyokimbia.

"Mama, siye kule, jirani yetu wa upande ingine wa ile vita alikuwa na ndama. Walikuwa wamekimbia mbele yetu, wakamuacha kwa kamba. Nilipita pale na watoto. Ndama alikuwa analia, kamba imemukaza shingo. Nilisema, wacha akufe, iko ya wale watu. Nikapita. Nyumba yangu ilichomwa, shamba ilienda, lakini ile inaniamushaka ni ile ndama. Asubuhi hii niliposikia ile shapitre, nilisema, Mungu amenitumia munyama ya adui nyumba moja na mimi. Hata kama adui iko yako."

Nilikuwa bado na hasira, nisidanganye. Nilisimama pale na hasira yangu yote, na haikuwa na pa kwenda. Nikaingia ndani nikakaa kwenye kiti cha mume wangu hadi giza likaingia.

Siku ya posho baraza lilijaa. Mchungaji mwenyewe alikuja, kwa kuwa alikuwa amepanga kunituma nikafundishe utaratibu wetu katika mitaa mingine, naye alitaka kusikia majibu. Nilikuwa nimevaa kitenge kipya. Tulipomaliza wimbo wa kwanza, geti lililia, na mdogo wangu akaingia.

Aliketi kwenye ukingo wa mkeka, karibu na viatu. Sikuweza kumtazama. Majibu yakaanza, mama huyu amefunga, mama yule ameguswa, nami sikusikia kitu. Kisha mdogo wangu akasimama.

"Niko na ushuhuda," alisema. "Miye na yaya yangu, hatukusemezana mwaka na zaidi. Munajua wote. Mbuzi yangu ilikula bustani yake. Jana alinirudishia, bila neno, juu Neno lilimwambia. Basi miye nimekuja kusema aksanti."

Vigelegele vikapasua bati. Akina mama walipiga makofi, wengine walifuta macho. Mchungaji alisimama, mikono juu, akasema, "Munaona! Hii ndiyo kutenda Neno!" Akanigeukia. Wote wakanigeukia.

Nataka mjue jinsi ilivyokuwa rahisi. Nilihitaji tu kuinamisha kichwa. Mdogo wangu alikuwa amerudi, ameketi kwenye mkeka wangu, na mlango niliouombea umefunguliwa na mtu mwingine. Nikisema ukweli, atachukua viatu vyake pale alipo na kutoka, na safari hii asirudi kabisa. Mama wa Djugu alikuwa ameinama juu ya mkebe wake. Alikuwa amefumba mdomo, yeye ambaye hakuwahi kunyamaza asubuhi hata moja. Alikuwa ananiachia.

Hilo nalo likaniudhi.

Nikasimama. "Sikurudisha mbuzi," nilisema. "Ni huyu mama alirudisha, miye nikiwa sokoni. Miye nilimufunga mbuzi siku tatu, nikingoja mudogo yangu akuje kuniomba. Na shapitre ya makumi mbili na tatu niliiruka kwa kusudi. Mukitaka kunijibisha, hiyo ndiyo jibu yangu."

Mikono ya mchungaji ilishuka polepole. Nilingoja kusikia geti.

"Ninajua," alisema mdogo wangu.

Nilimgeukia. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama usoni tangu siku ile ya begi.

"Nilijua tangu binti yangu aliniambia 'mama prezidante ametuma'. Yaya, weye hautumaka mutu. Ukikuja, unakuja mwenyewe na makelele. Na mbuzi yangu nilimusikia toka barabarani siku zote tatu. Nilifika kwa geti yako Alhamisi. Nilisikia unafundisha juu ya wenye mifugo, nikarudia kwangu."

"Sasa juu ya nini umekuja?"

"Nilichoka kugeuza shingo," alisema.

Hapo wengine wakacheka, na mimi pia nilitaka kucheka, lakini kilichotoka kilikuwa swali. Nilikuwa nimelibeba miezi kumi na minne, nikalimeza kila mara nilipokunjua nguo sokoni. Nilimwuliza mbele ya mchungaji na akina mama wote, kwa sauti ambayo sikuijua.

"Mama mulimuvalisha nini?"

Mdogo wangu alisogea kwenye mkeka hadi goti lake likagusa mguu wangu.

"Ile kitenge yako ya kijani, ya ndege," alisema. "Ilikuwa juu mu sanduku, haiyavaliwa. Alikuwa ameambia majirani wote: hii alinitumia mukubwa wangu, musinizike na ingine."

Niliketi chini, kwenye viatu vya watu. Mdogo wangu aliendelea kunieleza, nani alimwosha, wapi walimlaza, upande wa migomba, saa ngapi udongo ulirudishwa, nami nilikuwa nikimsikia na pia nikijisikia mwenyewe kwenye simu ile, nikimgombeza mama juu ya panya, kwa sababu nilikuwa na wateja.